Senti za Tundu za Kasese na Bwera

Reli ilipofika Kasese, nchini Uganda, mwaka 1956, na shaba nyekundu ya Kilembe ikaanza kuteremshwa kutoka milimani, ujira wa wachimbaji na biashara ya Bwera, mpakani mwa Kongo, vilihesabiwa kwa shilingi ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, pamoja na senti zake zenye tundu, ambazo watu walizitunga kambani mfano wa shanga.

Katika hizo, niienziyo mno ni senti kumi ya mwaka 1936, iliyopigwa kwa jina la Mfalme Edward VIII, aliyejiuzulu kabla ya mwaka kutimia. Wala sura yake haimo, kwani katikati pana tundu. Mwenye basari huitafuta herufi ndogo kwa kioo cha kukuzia: H ni kiwanda cha Heaton, KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham, na isiyo na herufi ni ya London, kisha wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia zikaja I ya Bombay na SA ya Pretoria. Herufi iliyobandikwa kwa hila huacha ufa mwembamba pambizoni mwake, na sarafu ya bandia iliyomiminwa kalibuni mara nyingi huwa na vijishimo vya hewa na mshono ukingoni, ilhali iliyopigwa kwa muhuri wa chuma herufi zake husimama wazi. Nanasihi mtu asiisugue kwa ndimu wala kwa mchanga, maana alama hizo hufutika.