Somo la M-Pesa kwa sheria za akili bandia

Siku hizi swali ni moja: akili bandia ibanwe na sheria sasa, au iachwe ikue kwanza? Kabla hujajibu, kumbuka 2007.

Safaricom ilipotaka kuanzisha M-Pesa, Kenya haikuwa na sheria ya malipo ya simu. Benki Kuu ingeweza kukataa na kungoja Bunge. Badala yake iliuchunguza mfumo wenyewe, kisha ikaandika barua kwamba haina pingamizi. Mwezi Machi huduma ikaanza.

Wengi husema M-Pesa ilifaulu kwa sababu iliachwa huru. Si kweli. Pesa za wateja ziliwekwa benki kwenye akaunti ya amana, Safaricom haikuruhusiwa kuzikopesha, na kiasi cha kutuma kilikuwa na kikomo. Sheria kamili ya malipo ilikuja 2011, wakati mamilioni tayari wanatuma pesa nyumbani.

Lakini kuna tofauti. Pesa zikipungua kwenye akaunti, mkaguzi atahesabu aone. Programu ikimnyima mama mboga mkopo kimakosa, nani atajua? Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2024 inaweka mifumo ya kupima wakopaji kwenye kundi la hatari kubwa, na kuitaka itunze kumbukumbu na isimamiwe na binadamu.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kuanzia. Mimi huandika programu, na kutunza kumbukumbu hakujawahi kunizuia kufanya kazi.