Nani yumo ndani ya mabano?

Mtindo wa kutaja jina la mwandishi na mwaka katika mabano haukushuka kutoka mbinguni. Asili yake huhusishwa na Edward Laurens Mark, mwanazoolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala kuhusu mayai ya konokono asiye na gamba. Mwaka 1929, wanasaikolojia wa Marekani walichapisha mwongozo wa kurasa saba tu. Ndio huo APA unaowatoa jasho wanafunzi wetu leo.

Mtindo huu una faida, ila humwona tu aliye kwenye jalada. Chukua mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840. Mengi yalihifadhiwa vichwani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. Diwani ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, mhariri akiwa William Hichens. Mwanafunzi huandika “(Hichens, 1940)” akaendelea na safari. Lakini Muyaka yuko wapi? Na Sikujua je?

Wanazuoni wa hadithi waliliona jambo hili karne nyingi kabla ya Mark. Isnadi hutaja wapokezi wote, mmoja baada ya mwingine, maana uzito wa habari hutegemea walioipokeza.

Basi ndugu msomaji, fuata mabano kama mwongozo unavyodai, lakini katika sentensi yenyewe mtaje aliyetunga na aliyehifadhi. Hakuna mwongozo unaokataza hilo.