Kijiti Ambacho Hakimo Kwenye Faili

Usiku huo dada yangu mdogo alikuwa ametoka hospitalini. Maumivu yalikuwa yametulia lakini usingizi haukuja. Ana selimundu. Nikamwambia ngoja nikuonyeshe himoglobini yako, nikapakua faili iitwayo 2HBS, iliyotokana na utafiti wa 1997. Skrini ikajaa vijiti vya rangi vilivyojikunja kama tambi, kila kijiti kikiwa bondi kati ya atomu mbili. Akatazama kidogo, akauliza, "Bro, sasa ni gani hapo inanisumbua?"

Nilidhani jibu ni rahisi. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba huu ni ugonjwa wa molekuli. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, akachapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Muda mfupi baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akafuatilia tofauti mpaka ikabaki moja: kwenye mnyororo wa beta, nafasi ya 6, penye asidi ya glutamiki pamekaa valini. Basi nikaitafuta hiyo valini, nikaipaka nyekundu. Iko pembeni, imetulia tu. Hakuna kijiti cha ziada, hakuna chochote cha ajabu.

Nikajaribu programu nyingine, faili ileile. Hapo nikashtuka. Katika ya kwanza, atomu ya chuma inayobeba oksijeni ilikuwa imeshikwa na vijiti vizima. Katika ya pili ilikuwa imeshikwa na vidoti. Sasa nani mkweli? Nikaifungua faili kama maandishi ya kawaida, na huko nikakuta kitu ambacho ningepaswa kujua zamani: karibu bondi zote nilizokuwa nikiziona hazikuwa zimeandikwa popote.

Zamani bondi ilikuwa kitu cha kushika mkononi. John Kendrew na wenzake, wakijenga mfano wa mayoglobini ya nyangumi, walisimamisha msitu wa fimbo za chuma zipatazo 2,500 na kufungia humo vipande vya molekuli, sentimita 5 kwa kila angstromu. Kila kiungo kiliwekwa na mtu aliyekuwa ameamua kiwe pale. Kazi hiyo ilimpa Kendrew tuzo ya Nobel ya 1962, pamoja na Max Perutz wa himoglobini.

Kisha zikaja kompyuta. Mwaka 1971, katika maabara ya Brookhaven, Marekani, ilianzishwa hazina ya protini, Protein Data Bank, ikiwa na miundo 7. Siku hizo data iliandikwa kwenye kadi za matundu, na kadi ya IBM ilikuwa na nafasi 80 tangu 1928. Hivyo kila mstari wa faili ukawa na nafasi 80: jina la atomu, ni ya asidi gani, na namba tatu za mahali ilipo. Bondi je? Asidi za amino za kawaida ni 20, na kila mkemia anajua zimeungana vipi. Kwa nini upoteze kadi? Ni vitu vya pembeni tu, kama ile sahani inayoshika chuma, vilivyopewa mistari ya CONECT, inayosema atomu hii imeungana na ile. Na hata hiyo haikuwa na nafasi rasmi ya kusema kama bondi ni moja au ni maradufu.

Siwalaumu. Lakini walichoacha bila kuandika, mtu fulani alilazimika kukibahatisha. Roger Sayle alipotoa RasMol bure mwaka 1993, ikaingia kwenye kompyuta za wanafunzi kila mahali, na programu za aina hiyo zikazoea njia moja: pima umbali. Nusu-kipenyo cha kaboni ni kama angstromu 0.77, kwa hivyo kaboni mbili zilizoungana hukaa 1.54 hivi. Ongeza kidogo, tuseme 0.4, kwa sababu vipimo vya maabara vina makosa. Zikiwa karibu kuliko hapo, chora kijiti. Ni kama kuwaona watu wawili wamekaa kiti kimoja kwenye matatu ukasema ni mtu na mkewe. Mara nyingi kwa atomu inakubali. Lakini pale atomu moja imeandikwa mara mbili kwa kuwa ilionekana sehemu mbili, programu isiyo makini huunganisha nakala hizo na kukutengenezea utando wa buibui. Na kwenye chuma, kila mtengenezaji ana maoni yake. Ndiyo sababu ya vidoti vyangu.

Faili za siku hizi ni tofauti. Mwaka 2014 mmCIF ikawa muundo rasmi wa hazina hiyo. Haina mipaka ya kadi, na iko pamoja na kamusi ya vipande inayotaja bondi za kila asidi, ya moja na ya maradufu. Programu nzuri huisoma kamusi hiyo kwanza, kupima umbali baadaye.

Lakini hata kamusi isingemjibu dada yangu. Nikaiamuru programu ionyeshe molekuli jirani. Oksijeni ikishaondoka, valini ya molekuli moja huingia kwenye mfuko ulio kati ya fenilalanini ya 85 na leusini ya 88 ya jirani yake. Hivyo himoglobini hushikana zikawa nyuzi ndefu, seli ikapinda. Nikapima: zaidi ya angstromu 3. Mbali mno kuitwa bondi. Na kweli si bondi, ni kugusana tu kwa vitu visivyopenda maji.

"Kwa hivyo imechora kila kitu, isipokuwa hiyo?"

"Eeh."

"Basi toa hivyo vijiti."

Nikaviondoa vyote, nikaweka kila atomu kama mpira wa ukubwa wake. Valini ikaonekana imezama mfukoni mwa jirani kama kete kwenye shimo la bao. Akaninyang'anya laptopu, akaanza kuizungusha mwenyewe, polepole, huku na huku, hadi saa tisa usiku.