Projekta inavyoweza kuchora sehemu za chipu

Ndani ya simu unayosomea makala hii kuna chipu, kipande cha silikoni kisichozidi ukubwa wa ukucha, chenye mabilioni ya swichi ziitwazo transista. Hakuna kisu kinachoweza kuchonga vitu vidogo kiasi hicho. Huchorwa kwa mwanga, na njia hiyo inaitwa fotolithografia.

Kama umewahi kumwona fundi akichapa fulana za timu au za kampeni, basi kanuni yake unaijua. Fundi hupaka dawa inayohisi mwanga kwenye kitambaa cha fremu, akalaza juu yake karatasi angavu yenye maandishi meusi, kisha akaanika juani au akawasha taa. Palipopata mwanga dawa hukauka na kuwa ngumu. Palipokingwa na weusi hubaki laini, na ukipitisha maji hutoka. Hapo ndipo rangi itakapopenya.

Kiwandani, badala ya kitambaa kuna kisahani cha silikoni, na badala ya karatasi kuna kiolezo cha kioo chenye mchoro wa madini ya kromu. Mwanga ukishapita na dawa ikishaoshwa, sehemu zilizobaki wazi huliwa na asidi au gesi, au hupakwa metali. Kisha kazi inaanza upya kwa tabaka jingine, na kila tabaka lina kiolezo chake.

Gharama inabana hapo. Anayetengeneza chipu milioni kumi hawezi kulalamikia bei ya kiolezo. Lakini chuo kinachotaka kujaribu michoro kumi tofauti lazima kiagize violezo vipya kila kinapobadili mstari mmoja, na kusubiri.

Ufumbuzi umetoka kwenye projekta. Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments nchini Marekani alibuni kifaa chenye vioo vidogo sana, kila kimoja kikiweza kuinama huku au huku. Kikiinama upande mmoja, nukta moja ya picha inawaka. Upande wa pili, inazima. Leo kifaa hicho kimo ndani ya projekta nyingi za kuonyeshea filamu na mpira.

Ukutani, projekta hukuza picha. Ukiielekeza kwenye hadubini, mwanga ukaingia kwa upande wa kutazamia, picha hiyo hupungua badala ya kukua. Mchoro ulioko kwenye kompyuta ndio unakuwa kiolezo. Ukitaka kubadili mstari, unabadili faili.

Mitambo mingi hutumia mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho. Hata hivyo, dawa nyingi huathiriwa pia na mwanga wa zambarau na buluu, ambao projekta inao. Mwekundu hauziathiri. Kwa hiyo fundi huangaza picha nyekundu kwanza, akalenga na kurekebisha bila haraka, halafu akawasha buluu kwa sekunde chache. Chumba chenyewe huwekwa taa za njano.

Aliyeifanya njia hii ijulikane ni Mmarekani Sam Zeloof. Mwaka 2018, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alitengeneza chipu yenye transista 6 katika gereji ya wazazi wake jimboni New Jersey, akitumia projekta iliyofungwa kwenye hadubini. Mwaka 2021 alifikia transista 100, zikiwa na vipimo vya mikroni 10. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ndicho kiwango kilichotumika kwa prosesa ya kwanza ya Intel, mwaka 1971.

Usitegemee chipu ya simu kutoka gereji, hata hivyo. Mwanga unaoonekana una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700, na ni vigumu kuchora kitu kidogo sana kuliko wimbi lenyewe. Kwa vifaa vya bei nafuu, mpaka ni kama mikroni moja. Chipu za simu mpya huchorwa kwa mwanga wa nanomita 13.5, na mtambo mmoja wa kazi hiyo unazidi dola milioni 100.

Tena projekta inachora tu. Baada ya hapo kuna tanuri la joto la karibu nyuzi 1,000, na kuna asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi hadi kwenye mfupa na inaweza kuua, wakati mwingine bila maumivu makali mwanzoni. Habari za chipu za nyumbani huipita sehemu hii haraka mno.

Kwa maabara ndogo, matumizi yenye faida zaidi ni mifereji midogo ya kupimia vimiminika. Dawa nene huchorwa kwa mwanga, ikaoshwa, ikabaki kama kalibu. Juu yake humwagwa mpira laini wa silikoni, na ukiganda unabanduliwa. Tayari una mifereji myembamba kama unywele, inayoweza kupitisha tone la damu kwa uchunguzi. Tanuri hilo halihitajiki, wala asidi ile, na mfereji ukionekana mwembamba mno mchoro hubadilishwa siku hiyohiyo.