Daftari la Kifua Kikuu: Somo Kutoka kwa Jirani Zetu wa Tanzania



Wengi wetu tunadhani kifua kikuu hushindwa kwa dawa tu. Lakini dawa zilikuwepo tangu miaka ya 1940 na 1950, na watu waliendelea kufa. Kwa nini? Tiba ilichukua mwaka mzima au zaidi. Mgonjwa akipata nafuu aliacha dawa, na hakuna aliyejua ameishia wapi.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Mshauri wake alikuwa Dk. Karel Styblo, daktari wa Kicheki, ambaye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: mwenye kukohoa alipimwa makohozi kwa darubini. Akikutwa na vijidudu, jina lake liliandikwa katika daftari la wilaya. Alipimwa tena wakati wa tiba, na mwishoni iliandikwa: amepona, amefariki, amehama au ameacha dawa. Kila baada ya miezi 3 mratibu wa wilaya alihesabu na kupeleka ripoti juu.

Kuanzia mwaka 1982 ililetwa tiba ya miezi 8, na miezi 2 ya mwanzo mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu. Karibu wagonjwa 8 katika kila 10 walipona. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia mwaka 1993, mkakati wake wa DOTS uliofuata ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya uzoefu huo.

Kisha UKIMWI ukaongeza wagonjwa mara kadhaa, na ni madaftari yale yale yaliyoonyesha hatari mapema.

Ndugu zangu, sisi walimu tunaita majina kila siku ili tujue nani hayupo. Lakini jina linalofichwa nyumbani kwa kuogopa aibu haliingii daftari lolote, na aliyefichwa huwaambukiza watoto anaolala nao. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Anayekohoa wiki 2 au zaidi apelekwe kupimwa. Leo tiba ya kawaida ni miezi 6. Akianza, msaidieni aimalize.