Melini Usiku Unavaa Nini? Historia ya Pamba za Mezani, Kuanzia Ziwa Tanganyika

Kuna familia moja ya Mpanda, majina kapuni, imelipiwa safari ya meli ya kitalii na mtoto wao anayefanya kazi nje. Baba yumo, mama yumo, bibi yumo, na wajukuu watatu. Kila kitu kilikuwa poa mpaka waliposoma karatasi ya safari. Usiku wa kwanza, chakula cha jioni: mavazi ya kawaida.

Zogo likaanzia hapo. Kijana wa kiume akasema kawaida ni pensi na kandambili, basi. Mama akasema hawezi kwenda kula mbele za watu akiwa kama anaenda kuoga. Bibi alikuwa ameshatoa doti ya kanga sandukuni, na mjukuu wake wa kike akamwomba kwa upole aiache nyumbani. "Watatucheka, bibi."

Sasa, kawaida ya nani? Hilo ndilo swali lenyewe, na halijaanza leo. Watu wa ukanda huu wa Katavi na ziwa lake wamekuwa wakipimwa kwa nguo zao tangu kabla ya meli kubwa ya kwanza kugusa maji ya Tanganyika.

Enzi nguo ilikuwa pesa

Karne ya 19, kabla ya sarafu kuenea bara, nguo ndiyo ilikuwa pesa. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora mpaka Ujiji ilibeba majora ya merikani, kitambaa cheupe cha pamba kilichopewa jina hilo kwa sababu kililetwa na Wamarekani, hasa wafanyabiashara wa mji wa Salem. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka moja, shuka mbili ni doti. Ukitaka kupita kwenye nchi ya mtemi, unalipa hongo, na hongo ilikuwa nguo. Neno doti ambalo mama zetu wanalitumia dukani mpaka leo limetokea kwenye biashara hiyo.

Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold II walijenga kituo Karema, kando ya ziwa, ambako leo ni Katavi. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa wamisionari wa White Fathers. Na wao pia, wakitaka chakula au wapagazi, ilibidi wafungue majora.

Ila usidhani watu wa huku walikuwa wanasubiri nguo za wageni tu. Wafipa, majirani wa kusini, walikuwa wanalima pamba na kuisuka wenyewe kwa mkono. Merikani ilivyozidi kumiminika, ufundi ule ukapungua taratibu.

Kwenye njia hiyohiyo ya misafara walipita pia watu waliokamatwa utumwani. Kule pwani mtumwa alijulikana kwa mavazi: merikani isiyo na rangi, au kaniki, yaani merikani iliyotiwa rangi nyeusi. Utumwa ulipofutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walikimbilia kanga za rangi na maua. Hawakuwa wanafuata fasheni tu. Mwanamke aliyejifunga doti ya kanga alikuwa anamwambia kila mtu barabarani kwamba yeye sasa si mali ya mtu.

Kwa hiyo anayemwambia bibi kanga ni ya jikoni, ajue anaongea na nguo yenye historia nzito kuliko suti yoyote.

Meli iliyokuja kwenye makasha

Meli maarufu kuliko zote za Ziwa Tanganyika ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikapandishwa kwa reli mpaka Kigoma. Huko ikaungwa tena na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen, kwa heshima ya gavana wa Kijerumani aliyekuwa madarakani wakati wa Vita vya Maji Maji.

Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, wakaikarabati, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Kuanzia hapo kwa miaka mingi ikawa basi la ziwani: Kigoma, Ikola, Karema, Kipili, Kasanga, mpaka Mpulungu kule Zambia.

Sasa angalia jinsi watu walivyokula ndani yake. Juu kuna vyumba vya kulala na ukumbi wa chakula wenye meza na viti. Chini ni daraja la tatu: magunia, ndoo za dagaa, mafungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, na watu wamelala juu ya mizigo yao. Meli moja, vyakula vya jioni viwili. Enzi za mkoloni, shule zilitengwa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na hospitali hivyohivyo. Melini haikuhitajika kubandika tangazo kubwa. Nauli ilifanya kazi hiyo, na nguo ikamalizia.

Chini huko kanga na kitenge vilikuwa kila kitu. Mchana ni mbeleko ya mtoto, jioni ni mkeka wa kulia ugali na mgebuka, usiku ni shuka. Upepo wa ziwa miezi ya kiangazi si wa mchezo, na anayeshinda baridi ni yule aliyebeba kitambaa cha ziada.

Koti la jioni lilitoka wapi

Wakati huo ulaya na Marekani matajiri walikuwa na sheria zao. Koti fupi jeusi la jioni lilivuma Marekani kuanzia mwaka 1886, likapewa jina la Tuxedo Park, kijiji cha matajiri karibu na New York. Januari 1891 meli ya Kijerumani Augusta Victoria ilitoka bandari ya Cuxhaven na wageni 241 kwenda kuzunguka Mediterania. Hawakuwa wanahama wala kusafirisha bidhaa, walikuwa wanatembea tu. Wengi wanaihesabu kuwa ndiyo mwanzo wa safari za meli za starehe.

Kwenye meli hizo daraja la kwanza walibadili nguo kila jioni. Mwanaume koti na tai, mwanamke gauni refu. Titanic ya mwaka 1912 ilikuwa na ukumbi wa chakula wa kila daraja peke yake, na kuta kati yao. Maana ya nguo ilikuwa moja: huyu anaruhusiwa kukaa hapa, yule haruhusiwi. Mtu mwenye nguo moja tu hawezi kubadili kwa ajili ya jioni.

Tabia hiyo ikapanda meli, ikashuka na maofisa kwenye makoloni, ikaingia mpaka porini. Kufikia mwaka 1950 reli ya kutoka Kaliua ilikuwa imefika Mpanda kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mji ulizaliwa umegawanyika: nyumba za wakubwa wa mgodi upande mmoja, kambi za wafanyakazi upande mwingine. Mfanyakazi aliyepata mshahara alinunua nini kwanza? Mara nyingi shati, kaptula ya kaki, viatu. Aliijua vizuri lugha iliyokuwa inaongewa na nguo.

Uhuru, na amri mpya kabatini

Baada ya 1961 viongozi wetu waliweka tai pembeni. Suti ya Chou En-lai aliyoipenda Mwalimu na Kaunda suti kutoka kwa jirani zikawa vazi la heshima: shati-koti, bila tai, inafaa ofisini na inafaa mezani. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na vitenge na kanga za hapa nyumbani zikajaa madukani.

Lakini mwaka huohuo, Oktoba, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ilikuwa marufuku kuvaa sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na mikorogo ya kung'arisha ngozi. Walisema wanalinda utamaduni. Mtaani walioumia zaidi ni wanawake. Vijana waliwazomea na kuwasumbua kwa sababu ya urefu wa sketi. Wanaume waliokuwa na suti za kukatwa Ulaya hawakukimbizwa hivyo.

Somo lake linafaa hata kwenye meza ya meli. Mkoloni alimwambia Mwafrika nguo yake ni duni. Kisha wenzetu wakamwambia dada yao nguo yake ni ya kizungu mno. Mara zote mbili aliyehukumiwa hakuulizwa. Familia ikikaa kupanga nguo za safari, binti asivishwe kwa kulazimishwa, na bibi asivuliwe kwa kuonewa aibu. Ni kosa lilelile.

Waliopanda na nguo moja

Historia ya mavazi ya Ziwa Tanganyika haiwezi kukamilika bila hawa. Miaka ya 1970 Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipokelewa Katumba na Mishamo, makazi ambayo leo yapo Katavi. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu wakapewa uraia wa Tanzania. Mwaka 1997 Liemba ilitumiwa na Umoja wa Mataifa kurudisha zaidi ya wakimbizi 75,000 upande wa Kongo. Mei 2015 ilirudi tena kazini, ikabeba maelfu ya Warundi kutoka kijiji cha Kagunga mpaka Kigoma.

Hao walipanda na walichokuwa wamevaa. Kitenge kimoja kilimfunika mama, kikambeba mtoto, kikafungia sufuria. Kati ya wajukuu wa waliokuja na kitenge kimoja, wapo wanaoshona, wanaouza na wanaovaa nguo kali pale Mpanda mjini. Vitenge vyenyewe vingi vimevuka ziwa kutoka Kongo, ambako watu wanajua kutoka na pamba kuliko mtu yeyote Afrika Mashariki, tukubali tu.

Dunia ikalegeza tai

Kwenye meli za kitalii mambo yalibadilika biashara ilipohama kutoka kwa matajiri wachache kwenda kwa familia za kawaida. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilianza mtindo wa mgeni kula muda anaotaka na kuvaa anavyojisikia, bila kulazimishwa suti. Wengine wakafuata kwa viwango vyao. Siku hizi meli nyingi za familia zina usiku mmoja au miwili tu ya kupendeza sana, na usiku mwingi ni wa kawaida.

Ila kawaida yao ina mipaka. Kwenye kumbi kubwa za chakula hawataki nguo za kuogelea, kaushi za kiume wala miguu mitupu. Kule kwenye sehemu ya kujipakulia wanalegeza zaidi. Kwa hiyo mama wa Kitanzania anayesema usiende kula kama unaenda kuoga, yuko sawa na sheria za meli neno kwa neno.

Basi, begi lipangweje?

Wanaume: suruali nyepesi au jinzi isiyochanika, shati lenye kola au fulana safi yenye kola. Shati la kitenge linapita kila usiku. Kaunda suti ya mzee inatosha hata usiku wa kupendeza, na haihitaji tai.

Wanawake: gauni la kitenge, dera, au sketi na blauzi. Nguo isiyokunjamana ni bora, maana chumba cha meli ni kidogo na pasi mara nyingi hairuhusiwi kwa kuogopa moto. Mtandio au kanga ya ziada ni lazima. Ukumbini kiyoyozi kinapuliza, na nje kuna upepo.

Wazee: kanga, ndiyo. Ipigwe pasi kabla ya safari, ivaliwe na blauzi nzuri na viatu vya kufunga ili sakafu isiteleze. Na ujumbe wake uchaguliwe vizuri. Kanga ya mafumbo ya kumchamba jirani haina kazi mbele ya wageni wasiojua Kiswahili.

Watoto: suruali nyepesi au kaptula ya kitambaa, raba, na sweta moja. Pea mbili za akiba, kwa sababu supu itamwagika.

Kandambili zibaki chumbani na kwenye bwawa. Na familia isinunue vitu vipya ya kufilisi mtu. Usiku mitano au sita inamalizwa na suruali mbili, magauni mawili na vitambaa vya kubadilishia.

Karema sasa ina bandari mpya yenye gati, mahali ambapo zamani abiria walishushwa kwenye mitumbwi katikati ya mawimbi. Ikija siku meli ya kitalii inatia nanga pale, karatasi ya mavazi itaandikwa na watu wa Katavi wenyewe. Kwenye mstari wa chakula cha jioni waandike bila kigugumizi: kitenge, na sweta kwa ajili ya upepo.