Nusukaputi ya kuvuta na maumivu ya neva

Nusukaputi ya kuvuta ni dawa ya usingizi wa upasuaji inayoingia mwilini kwa pumzi, kama isoflureni, desflureni, sevoflureni na gesi ya naitrasi oksaidi. Mgonjwa hakisikii kisu, lakini neva iliyokatwa au kubanwa inaweza kuuma miezi mingi baadaye. Ndiyo maana watafiti huuliza iwapo dawa iliyotumika huongeza au hupunguza maumivu hayo.

Mengi yamejulikana kwa panya. Mwaka 1988 watafiti Bennett na Xie walieleza namna ya kufunga nyuzi nne, bila kukaza, kuzunguka neva kubwa ya paja. Baada ya siku chache mnyama huuinua mguu wenye neva hiyo, na hushtuka hata ukiguswa kidogo tu.

Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba isoflureni na desflureni, zenye harufu kali, huamsha TRPA1, protini inayofungua njia ya chembe za umeme katika neva za maumivu. Dawa hiyohiyo inayoulaza ubongo huichochea neva! Sevoflureni haikuwa na athari hiyo.

Naitrasi oksaidi na zenoni, gesi nyingine ya nusukaputi, huzuia vipokezi vya NMDA, vinavyosaidia uti wa mgongo kukuza maumivu na kuyadumisha. Panya wenye neva zilizojeruhiwa walipata nafuu ya muda mrefu baada ya kuvuta naitrasi oksaidi mara moja. Kwa binadamu matokeo hayajawa thabiti hivyo: katika jaribio kubwa la ENIGMA-II, gesi hiyo haikupunguza maumivu sugu kwa wagonjwa wote kwa ujumla.